Jinsi ya Kutembelea Mgodi wa Chumvi wa Wieliczka, Polandi

Wieliczka ni mji mdogo ulio kilomita kama 14 kusini-mashariki mwa Kraków, na chini ya nyumba zake kuna mgodi wa chumvi wenye kina cha mita 327, ghorofa tisa za kwenda chini, mahandaki yanayozidi kilomita 245 na kumbi zaidi ya 2,000 zilizochimbwa kwa mikono ya watu. Uchimbaji ulianza karne ya 13 na uchimbaji wa kibiashara ulikoma mwaka 1996. Mwaka 1978 mgodi huu ulikuwa miongoni mwa maeneo 12 ya kwanza kabisa kuingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO.

Mtalii wa kawaida hupitishwa kilomita kama tatu na nusu tu kati ya hizo zote, kwa muda wa saa mbili hadi tatu, nyuma ya kiongozi ambaye kundi jingine limo njiani likimfuata. Kwa hiyo asiyejua mapema aangalie nini hutoka na picha nyingi za kanisa la chini ya ardhi na kumbukumbu ya uchovu wa magoti. Mwongozo huu unahusu safari yenyewe, lakini unahusu zaidi mahali pa kuelekeza macho, kwa sababu Wieliczka ni mahali pa kazi kabla ya kuwa mahali pa maonyesho.

Hatua ya kwanza: chagua njia

Njia inayopendwa na wengi inaitwa Njia ya Watalii. Huanzia kwenye shimo la Daniłowicz, lililochimbwa katika karne ya 17, nayo hushuka kutoka mita 64 hadi mita 135 chini ya ardhi. Humo ndimo lilimo kanisa la Mtakatifu Kinga, maziwa ya maji ya chumvi na kumbi kubwa zenye nguzo za magogo. Kama unakwenda kwa mara ya kwanza, chagua hii bila kusitasita.

Njia ya pili ni ya Wachimbaji, inayoanzia kwenye shimo la Regis katikati ya mji. Hapo unavalishwa ovaroli na kofia ngumu, unapewa taa ya kichwani na kifaa cha kujikinga na hewa yenye sumu, kisha unapewa kazi ndogo ndogo kama vile kupima gesi au kutafuta njia gizani. Ni nzuri kwa vijana na kwa mtu aliyekwisha kuiona Njia ya Watalii, lakini haipiti kwenye kanisa la Mtakatifu Kinga, na watoto wadogo hawaruhusiwi. Wanaokwenda kwa ibada wana njia yao ya mahujaji, ambayo hupangwa kwa makundi.

Mwenye kiti cha magurudumu asikate tamaa, kwa kuwa sehemu ya Njia ya Watalii inafikika kwa lifti. Jambo hilo hupangwa mapema na ofisi ya mgodi, si siku hiyohiyo mlangoni. Mzazi mwenye mtoto mchanga ambebe kwa mbeleko au mkoba wa kifuani, kwa sababu kigari cha mtoto hakifai kwenye ngazi zile.

Hatua ya pili: viza na tiketi

Polandi imo katika eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, na raia wa Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo wanahitaji viza ya Schengen kabla ya kusafiri. Ndugu zetu wanaoishi Uingereza wazingatie kwamba kibali cha kuishi Uingereza hakichukui nafasi ya viza hiyo. Anayeishi Ujerumani, Uholanzi au nchi nyingine ya Schengen kwa kibali halali anaweza kwenda kwa ziara fupi bila viza nyingine, akiwa na pasipoti na kibali chake mkononi.

Tiketi ya mgodi inunuliwe kwenye tovuti rasmi ya mgodi siku kadhaa kabla, hasa kati ya Juni na Agosti na wakati wa sikukuu. Kila tiketi ina saa ya kuingia na lugha ya ziara, na huingii peke yako kwa hali yoyote, bali unaingia na kundi na kiongozi wake. Ziara hufanyika kwa Kipolandi, Kiingereza, Kijerumani, Kifaransa na lugha nyingine kadhaa, ila Kiswahili hakimo. Za Kiingereza ni nyingi kwa siku, wakati za Kifaransa ni chache zaidi, hivyo msomaji wa Kongo au Burundi anayependelea Kifaransa aipange siku yake kwa kufuata saa ya ziara hiyo. Chagua kundi la asubuhi mapema ukiweza. Adhuhuri makundi hubanana, na kiongozi hulazimika kufupisha maelezo ili lililo nyuma lipite.

Mjini Kraków utakutana na mawakala wengi wanaouza safari ya Wieliczka pamoja na usafiri. Si kosa kuwatumia, lakini mtu anayeweza kupanda treni peke yake hana sababu kubwa ya kuwalipa.

Hatua ya tatu: kufika

Treni ya mkoa hutoka uwanja wa ndege wa Kraków, hupitia stesheni kuu ya Kraków Główny na kuishia Wieliczka, kwa hiyo hata anayetua na ndege asubuhi anaweza kufika mgodini bila kubadilisha treni. Stesheni ya kushukia inaitwa Wieliczka Rynek-Kopalnia, nayo ndiyo ya mwisho. Usidanganyike na zile zinazotangulia zenye jina la Wieliczka. Safari kutoka stesheni kuu huchukua chini ya nusu saa, na kutoka hapo ni matembezi ya dakika chache hadi shimo la Daniłowicz. Basi la jiji namba 304 nalo huenda huko, ila tiketi yake iwe ya kanda inayofika nje ya jiji la Kraków, na uigonge kwenye mashine mara tu unapopanda, maana wakaguzi hupita na tiketi isiyogongwa huhesabiwa kuwa hakuna tiketi.

Fika nusu saa kabla ya saa iliyoandikwa. Kundi haliwasubiri wachelewaji.

Hatua ya nne: mavazi na mizigo

Joto la chini ni nyuzi 17 hadi 18 mwaka mzima. Mtu wa Arusha au Nairobi ataliona ni la kawaida, bali wa Dar es Salaam, Mombasa au Maskati atahitaji sweta. Jambo la kuangalia ni tofauti na hali ya hewa ya juu. Mwezi Januari unatoka kwenye theluji ukiwa na koti zito ambalo baada ya dakika ishirini za kutembea litakuwa mzigo, na mwezi Julai unashuka na jasho mgongoni ukakutana na upepo wa handaki. Vaa nguo za tabaka mbili unazoweza kuvua na kuvaa.

Viatu viwe vya kufunga, vyenye soli isiyoteleza. Njia nzima ina ngazi kama 800, na baadhi ya sakafu ni chumvi tupu iliyosuguliwa na nyayo za watu mpaka ikang'aa kama marumaru. Mabegi makubwa hayaruhusiwi kushuka, hivyo beba mfuko mdogo wenye maji ya kunywa na dawa unazotumia, na masanduku yaache hotelini au kwenye sehemu ya kuhifadhi mizigo. Nenda msalani kabla ya kushuka. Vyoo vipo chini, lakini havipo mahali unapovihitaji.

Hatua ya tano: kushuka

Ziara huanza kwa ngazi za mbao zipatazo 380 zinazozunguka ndani ya shimo la Daniłowicz. Zimepangwa kwa mafungu mafupi, unashuka kidogo, unageuka, unashuka tena, na baada ya mageuzi kumi na tano hivi kichwa huanza kuzunguka. Shika reli kwa mkono mmoja, weka simu mfukoni na usishindane na vijana walio mbele. Mwenye matatizo ya moyo, ya magoti au ya pumzi aombe ushauri wa daktari kabla ya kukata tiketi. Mwenye hofu ya mahali finyu, kwa kawaida, huona kwamba shimo hili la ngazi pamoja na lifti ya kurudia ndizo sehemu ngumu, kwani kumbi zenyewe ni pana kuliko nyumba nyingi za ibada.

Ukifika chini, mita 64, kundi husimama mbele ya mlango mzito. Kiongozi haufungui mlango wa pili mpaka wa kwanza ufungwe nyuma ya mtu wa mwisho, kwa sababu milango hiyo huongoza hewa ya mgodi mzima. Siku nyingine huifungua kidogo kwa makusudi ili watu wausikie upepo. Kiongozi akikusalimu kwa maneno "Szczęść Boże", hiyo ndiyo salamu ya wachimbaji ya kuombeana heri ya Mungu, nawe unaweza kuijibu kwa maneno hayohayo.

Hatua ya sita: nini cha kuangalia katika kumbi za juu

Kitu cha kwanza ni ukuta wenyewe. Wengi hutarajia weupe wa chumvi ya mezani, na hukuta mwamba wa kijivu uliokolea, kwani chumvi hii iliyoachwa na bahari ya kale miaka milioni 13 na zaidi iliyopita imechanganyika na udongo na mchanga. Angaza tochi ya simu ukutani ukiwa karibu, utaona chembe zikimeta na, hapa na pale, chumvi nyeupe iliyoota kama koliflawa mahali maji yalipopenya na kukauka. Kiongozi huenda akakuruhusu kuulamba ukuta ili uamini. Chagua mahali pa juu pasipopitiwa na mikono ya watu wote.

Katika ukumbi wa Janowice kuna sanamu za chumvi zinazoonyesha hadithi ya Kinga, binti wa mfalme wa Hungaria aliyeolewa na mtawala Bolesław katika karne ya 13. Inasimuliwa kwamba alitupa pete yake katika mgodi wa chumvi wa kwao, na wachimbaji wa Polandi wakaikuta ndani ya bonge la kwanza la chumvi walilolitoa. Hadithi ni nzuri, lakini chumvi ilikuwa ikitengenezwa hapa maelfu ya miaka kabla yake kwa kuchemsha maji ya chemchemi za chumvi katika vyungu, kazi ileile ambayo watu wa Uvinza mkoani Kigoma wameifanya kwa karne nyingi. Kilichotokea Wieliczka ni kwamba chemchemi zilipungua, watu wakachimba visima kuyafuata maji, na huko chini wakagonga mwamba wa chumvi.

Ukumbi unaoitwa Spalona, yaani ulioungua, usiupite haraka. Sanamu zake ni za wachimbaji wanaotambaa chini wakiwa wameshika miti mirefu yenye moto nchani. Gesi ya methani hukusanyika juu, karibu na dari, na kabla ya kuwa na vipimo vya kisasa watu hao walivaa nguo zilizoloweshwa maji, wakatambaa na kuichoma kidogo kidogo kabla haijawa nyingi kiasi cha kulipuka. Walioikosea hesabu hawakurudi.

Mbele yake utaona vyombo vya usafirishaji, mikokoteni, magari madogo ya mbao, na katika ukumbi wa Kazimierz Mkuu mashine kubwa ya mbao iliyozungushwa na farasi ili kupandisha mizigo. Zingatia umbo la mabonge ya chumvi yaliyochongwa kama mapipa. Yalikuwa na uzito wa mamia ya kilo, na umbo la duara lilimaanisha kwamba yaliweza kubingirishwa badala ya kubebwa. Farasi walitumika humu hadi wakati wetu, na wa mwisho, jike aliyeitwa Baśka, alitolewa juu mwaka 2002. Kuhusu Kazimierz Mkuu, mfalme wa karne ya 14 aliyeziwekea shughuli za chumvi sheria mwaka 1368, husemwa kwamba theluthi moja ya mapato ya hazina yake ilitoka katika chumvi. Kumbuka hesabu hiyo unapoushangaa ukubwa wa kumbi, kwa kuwa hazikuchimbwa ili zipendeze.

Hatua ya saba: kanisa la Mtakatifu Kinga

Kanisa hili liko mita 101 chini ya ardhi, lina urefu wa mita 50 na zaidi na kimo cha zaidi ya mita 10, na karibu kila unachokiona ndani yake ni chumvi, kuanzia madhabahu, sanamu na ngazi hadi vipande vinavyong'aa kwenye taa kubwa za kuning'inia. Lilianza kuchongwa mwishoni mwa karne ya 19, ndani ya nafasi iliyobaki baada ya kutolewa pande kubwa la chumvi. Waliolichonga hawakuwa wasanii walioletwa kutoka mbali, bali wachimbaji wa hapohapo: ndugu wawili, Józef na Tomasz Markowski, na baada yao Antoni Wyrodek aliyeendelea hadi miaka ya 1960.

Kundi husimama kwanza kwenye kibaraza cha juu, na hapo kila mtu hunyanyua simu. Piga picha yako moja kisha shuka, kwani muda wa chini ndio wenye thamani. Tazama sakafu: inaonekana kama vigae vilivyopangwa, lakini ni mwamba mmoja uliochorwa mistari. Halafu nenda moja kwa moja kwenye mchongo wa Karamu ya Mwisho wa Wyrodek, ulio kwenye ukuta wa pembeni. Ukiwa mbele yake unaona chumba kirefu chenye meza na dirisha kwa nyuma. Sogea ubavuni mwa mchongo na utazame kwa upande, utagundua kwamba kina chote hicho ni ujanja wa jicho, kwa maana mchongo ni mwembamba sana. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo kazi bora kuliko zote kanisani, kuliko hata sanamu ya Papa Yohane Paulo wa Pili inayovuta watu wengi.

Misa husaliwa humu Jumapili asubuhi, na ndoa hufungwa, kwa hiyo sauti iwe ya chini. Mchongo wowote usiguswe. Kati ya mwaka 1989 na 1998 Wieliczka ilikuwa kwenye orodha ya UNESCO ya urithi ulio hatarini kwa sababu ya unyevu uliokuwa ukizilainisha nyuso za sanamu, na hewa ya mgodi ililazimika kukaushwa kwa mitambo. Pumzi na mikono ya wageni ni sehemu ya tatizo hilo.

Hatua ya nane: maji na magogo

Baada ya kanisa watu huchoka na kuanza kuulizia mgahawa. Nikilazimika kuchagua sehemu moja ya mgodi, ningechagua hii wanayoipita wakiwa wamechoka.

Kwenye ukumbi wa Erazm Barącz kuna ziwa lenye zaidi ya gramu 320 za chumvi katika kila lita, maana yake maji yameshiba na hayawezi kuyeyusha zaidi. Ndiyo sababu ziwa halili kuta zake, wakati maji baridi yakipenya humu huukata mwamba kama sukari. Ukumbi wa Michałowice una kimo cha mita 35, nao umeshikiliwa na msitu wa magogo yaliyopakwa rangi nyeupe ili yaakisi mwanga, yaliyounganishwa na maseremala wa mgodi kuanzia karne ya 19. Simama katikati, inua macho, ufuate jinsi kila gogo linavyopokea mzigo wa lingine mpaka ukutani. Miti hii haiozi kwa kuwa chumvi imeingia ndani yake.

Ukumbi wa Józef Piłsudski una ziwa ambamo zamani watalii walipanda mashua. Safari hizo zilikoma baada ya mashua kupinduka mwaka 1915 na wanajeshi wa Austria kufa. Katika ukumbi wa Stanisław Staszic, wenye kimo cha mita 36, utasimuliwa kuhusu watu walioruka kwa kamba na puto lililopaa ndani yake. Muulize kiongozi pia kuhusu mwaka 1944, Wajerumani walipojaribu kuufanya mahali pa kiwanda cha vipuri vya ndege na kuwaleta wafungwa wa Kiyahudi kutoka Płaszów, kambi ya mateso ya Wanazi huko Kraków, kufanya kazi mgodini.

Mabomba utakayoyaona kandokando ya njia si mapambo. Maji huingia mgodini kila siku, hukusanywa na kupandishwa juu, na chumvi bado hutolewa kwa kuyachemsha. Mwaka 1992 maji yaliyojaa mchanga yalifumuka katika handaki la Mina, na juu ardhi ikatitia, reli na nyumba ya watawa wa Kifransisko zikadhurika. Mamia ya wachimbaji bado wameajiriwa, kazi yao sasa ikiwa ni kuimarisha kuta na kujaza kwa mchanga kumbi zisizoweza kuokolewa.

Hatua ya tisa: kutoka

Njia huishia mita 135, penye maduka, vyoo na mgahawa. Hapo unaweza kwenda kwenye lifti au kuendelea na kiongozi mwingine kuingia jumba la makumbusho la chini ya ardhi, kwa muda wa karibu saa moja. Ukiwa bado na nguvu, ingia. Ni kimya, watu ni wachache, na ndimo zilimo mashine nyingi za kuzungushwa na farasi pamoja na pembe ya chama cha wachimbaji ya mwaka 1534.

Kwenye lifti kunaweza kuwa na foleni. Ni kizimba halisi cha mgodi, chenye vyumba vilivyopandana, mnasimama bega kwa bega gizani na inapanda kwa kasi kwa muda mfupi tu. Mwenye hofu aombe kusimama karibu na mlango. Fahamu vilevile kwamba makundi mengine hutolewa kupitia shimo la Regis, lililo mbali kidogo na Daniłowicz, kwa hiyo ukiwa umeacha mzigo au unakutana na mwenzako, hesabu dakika kama kumi za kutembea.

Aliyebakiwa na siku moja zaidi apande treni kwenda Bochnia, kilomita kama 40 mashariki mwa Kraków, kwenye mgodi ulioanza mwaka 1248 na kuunganishwa na Wieliczka katika orodha ya UNESCO mwaka 2013. Huko kuna treni ndogo ya chini kwa chini na mashua juu ya ukumbi uliojazwa maji ya chumvi, na unaweza hata kulala usiku mmoja mgodini. Tiketi zake nazo zinunuliwe mapema.